UZI: Kwa nini tukienda kukopa tunauliza "rejesho shilingi ngapi?" na basi

#1 Karani wa Mikopo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya afisa mikopo, kampuni ndogo ndogo hizi za mtaani. Sasa niko kwenye shughuli nyingine kabisa, kwa hiyo naongea bila kumuogopa meneja. Kwenye meza ile wateja wana swali moja: "Rejesho ni shilingi ngapi?" Mwalimu anauliza hilo, mama wa genge anauliza hilo. Hata mhasibu wa halmashauri, mtu anayeshinda na vitabu vya hesabu, akija kukopa kwa shida zake anauliza hilo hilo. Riba ukiitaja wanaitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia salamu ya mtu wasiyemjua, halafu wanarudi palepale: kwa mwezi natoa ngapi?

Watu wa semina watasema ni ujinga, hatuna elimu ya fedha. Mimi nakataa. Mtu anakwepa hesabu ndefu kwa sababu hesabu nayo ina gharama. Inakula muda, inachosha kichwa, na ukishindwa mbele ya afisa aliyevaa tai unaona aibu. Kwa hiyo anachagua namba moja ya kushikilia, mengine anayaacha yapite. Hilo ni jambo la akili kabisa. Shida ni pale ambapo namba ya kushikilia hukuichagua wewe, amekuchagulia anayekuuzia.

Twende na hesabu. Unataka 1,200,000 kwa miezi 12. Kampuni A inasema riba yake ni asilimia 3 kwa mwezi. Kampuni B inasema 3.5. Utaenda wapi?

A inahesabu riba kwenye mkopo wa mwanzo hadi siku ya mwisho. Kila mwezi 36,000, hata mwezi wa 12 ambapo deni la msingi limebaki laki moja tu. Riba yote 432,000, rejesho 136,000. B inahesabu kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu: rejesho kama 124,200, riba yote kama 290,000. Aliyesema 3.5 ni nafuu kuliko aliyesema 3, tena kwa zaidi ya laki na arobaini. Ile 3 ya A ukiigeuza iwe ya salio linalopungua inakuwa karibu 5.1 kwa mwezi.

Sasa yule mama wa genge aliyeuliza rejesho tu, hajui salio linalopungua ni mdudu gani, ameenda B. Msomi aliyelinganisha asilimia ameenda A. Nani hana elimu ya fedha hapo?

Lakini subirini, A hawajalala. Afisa wao anamwambia mama: "Tukupe miezi 18, upumue." Riba inakuwa 648,000, jumla anarudisha 1,848,000, ila rejesho limeshuka hadi 102,700 hivi. Sasa ni chini kuliko la B. Mama anasaini A na anatoka anashukuru. Swali lake lilikuwa zuri muda wote ambao miezi ilikuwa sawa. Miezi ilipoguswa, lile lile swali likawa kamba ya kumfungia. Na niwaambie, kwenye biashara ile miezi ndiyo inayoguswa kwanza. Riba ina macho ya Benki Kuu: baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, watoa mikopo wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, waliwekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Miezi, ada ya fomu, bima ya mkopo na akiba ya lazima ndiko kwenye uwanja wa kuchezea.

Hili si la Wabongo peke yetu. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alilisema tangu miaka ya 50: binadamu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, anatafuta kinachotosha halafu anaacha kutafuta. Wachumi wenzake walikuwa wanamchora binadamu kama mashine ya kupiga hesabu. Yeye alikuwa ametazama watu maofisini wanavyoamua kweli.

Kuna jaribio jipya zaidi ambalo limenikaa kichwani, la mchumi anaitwa Ryan Oprea, lilitoka 2024. Nalieleza kwa shilingi zetu. Kuna masanduku 100, kumi yana 25,000 kila moja, mengine matupu. Mchezo wa kwanza ni bahati nasibu: linafunguliwa moja, unachukua kilichomo. Wewe ungenunua nafasi hiyo kwa bei gani? Inajulikana siku nyingi kwamba watu huzidisha bei pale nafasi ya kushinda ni ndogo, na huipunguza pale nafasi ni kubwa. Tukaambiwa hiyo ni tabia ya watu mbele ya hatari: tumaini na hofu. Oprea akaleta mchezo wa pili usio na bahati yoyote. Yanafunguliwa masanduku yote, unalipwa wastani wake. Hapo ni 2,500 kamili, hakuna kubahatisha. Watu wakakosea kwa mtindo ule ule! Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tulichokiita woga wa hatari huenda ni uchovu wa hesabu. Wapo watafiti waliompinga, wakasema wengi wa washiriki hawakuelewa maelekezo. Mimi nikisoma pingamizi hilo nacheka kidogo, maana kutokuelewa maelekezo ndiyo hali ya kila mteja niliyewahi kumsainisha fomu.

Karibuni. Nataka kusikia namba mnayoshikilia ninyi mkiamua mambo ya pesa, na nani aliwapa.

#2 Mkazi wa Tabata

Nimekaa siti ya mbele. Mimi LUKU, umeme wa kulipia kabla, nanunua "ya elfu tano". Uniti zinatoka ngapi sijui na sijawahi kutaka kujua.

#3 Boda wa Mbagala

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri ila umeandika kama mtu wa mshahara. Njoo kijiweni kwetu.

Mimi chombo ninacho kwa mkataba. Hesabu ya bosi ni elfu kumi kwa siku, Jumapili ni yangu, mkataba mwaka na nusu, ukiisha anakabidhi kadi na pikipiki inakuwa yangu. Najua kabisa kwamba nikizidisha elfu kumi kwa siku zote hizo inatoka pesa ya pikipiki na nusu ya nyingine. Nani hajui? Hata dogo anayeosha pikipiki hapa kijiweni anajua. Lakini hiyo jumla nitaifanyia nini? Dukani wanataka pesa yote mezani. Benki wanataka hati, mdhamini na taarifa za akaunti ambayo sina. Bosi anataka elfu kumi jioni.

Mimi pesa yangu inaingia kwa siku na inatoka kwa siku. Ukiniambia rejesho la mwezi ni 124,200, kwangu ni kitu kikubwa na kiko mbali, kikifika sitakuwa nacho. Elfu kumi nakiona. Saa nne asubuhi naweza kukwambia leo hesabu ipo au haipo. Sasa nikwepe namba hiyo nishike ipi?

#4 Karani wa Mikopo

Boda, umenipiga mahali pazuri, na sina ubishi na hesabu ya siku. Namba inayofanana na jinsi pesa inavyoingia ni namba bora kuliko zote. Swali langu ni kwenye mkataba wenyewe: ikiwa pikipiki imeharibika siku nne, hesabu za siku hizo zinasamehewa au zinasogea mbele? Injini ikifa mwezi wa kumi, anagharamia nani? Kadi iko kwa bosi, sawa, lakini yeye akifariki ndugu zake watautambua mkataba? Maana elfu kumi ni rahisi kushika, na kwa sababu ni rahisi kushika, haya mengine yote hayaongelewi siku ya kukabidhiana chombo.

#5 Boda wa Mbagala

Zinasogea mbele. Matengenezo yangu yote. La kufariki hatujaongea. Ngoja kwanza.

#6 Mama Hisa

Wanangu hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Morogoro, naomba niseme kwa nini wanawake wengi tunaacha benki ya barabarani tunaenda kukaa chini ya mwembe.

Watu wanadhani ni kwa sababu ya riba. Sisi riba yetu ni asilimia kumi na mtu analipa, wala halalamiki. Sababu ni kwamba pesa inahesabiwa mbele ya macho. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, halifunguliki mpaka wote wamefika. Mwanachama ambaye hajui kusoma anajua kikao kilichopita tulifunga na shilingi ngapi, kwa sababu kabla ya kufunga tunaitamka kwa sauti na kila mtu anaikariri. Kikao kijacho tunaulizana kwanza: tulifunga na ngapi? Wakisema wote sawa ndiyo tunafungua.

Niliwahi kuhudhuria mafunzo wakatueleza kwamba mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, na wanawake wa vijijini, wengi wao hawajui kuandika. Waliweka kila mtu anatoa kiasi kile kile kila kikao ili pasiwe na haja ya daftari. Kumbe ulitengenezwa hivyo makusudi uwe mwepesi wa kubeba kichwani.

Sasa vijana wetu wametuletea programu ya simu. Ina hisa, ina mfuko wa jamii, ina faini, ina gawio la makadirio, rangi nyekundu na kijani. Mwaka huu watu wamegombana wakati wa kugawana kuliko mwaka wowote, na hakuna aliyeiba hata senti. Ni kwamba simu ilisema hivi na vichwa vilikuwa vinasema vile.

#7 Karani wa Mikopo

Shikamoo mama. Hilo la kukariri salio kwa sauti lingefaa kufundishwa vyuoni. Kwa hiyo uchache wa namba si umaskini wa mfumo, ndiyo ulinzi wake. Kitu ambacho kila mtu anaweza kukihakiki kichwani ni vigumu kukiibia.

#8 Mzee wa Deci

Nimejiita hivi makusudi ili msisahau. Mleta uzi na huyo mama msitufanye tupende urahisi kupita kiasi. Mwaka 2009 mnakumbuka? Hakuna kitu kilichokuwa rahisi kueleweka kuliko DECI, ule mchezo wa upatu. Unapanda mbegu, unasubiri, unavuna zaidi ya ulichopanda. Hakuna fomu ya kurasa nane, hakuna riba ya salio linalopungua. Mchungaji alielewa, muuza mkaa alielewa. Benki Kuu na mamlaka ya mitaji walipotoa maelezo ya kwa nini mchezo ule hauwezi kudumu, maelezo yao ndiyo yalikuwa magumu! Watu wakaona serikali inawaonea wivu. Mpaka leo wapo wanaosema ingeachwa wangevuna.

Tapeli anafahamu kuliko profesa kwamba tumechoka hesabu. Anakuja na sentensi moja.

#9 Dada Mhasibu

Mzee wa Deci nakuunga mkono, ila kuna tofauti. Kikoba cha mama ni rahisi na unaona pesa inatoka wapi: ni ya kwenu, riba mnalipana wenyewe. Kwa DECI urahisi ulikuwa mlangoni tu. Ukiuliza "mavuno yanatoka wapi?" unaanza kuzungushwa. Mimi huwa najiuliza hilo moja tu kwa kila mpango unaoletwa kwangu: pesa ya kunilipa inatoka mfukoni mwa nani? Jibu likizidi sentensi mbili, sitoi.

#10 Ticha Mdeni

Naomba niongelee sisi watumishi wa umma. Sisi namba yetu inaitwa "kinachobaki". Afisa wa benki anakuja shuleni na kompyuta yake mpakato, anakuuliza mshahara, anabonyeza, anakwambia: ukichukua mkopo huu kinachobaki mkononi ni kiasi fulani. Ukiona unaweza kula nacho, unasaini. Baada ya mwaka na nusu anarudi: "Mwalimu, unastahili nyongeza." Deni la zamani linafutwa na jipya kubwa zaidi, unapewa tofauti mkononi, na kinachobaki ni kile kile! Kwenye salari slipu hakuna kilichobadilika ila mwezi wa mwisho umesogea miaka mbele. Kuna wenzangu watastaafu na hiyo.

Na mkopo wa elimu ya juu je? Enzi zile kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Makato yalikuwa asilimia 15 ya mshahara, unakatwa kila mwezi, lakini ukienda kuangalia salio unakuta halishuki au limepanda. Unajua tulifanyaje wengi wetu? Tuliacha kuangalia. Kabisa. Tozo ikafutwa mwaka 2021, na nina jirani mpaka leo hajawahi kuuliza salio lake limekuwa ngapi, ameshazoea kutolijua.

#11 Karani wa Mikopo

Ticha hapo umegusa kitu ambacho sikukiandika. Kuna kukwepa hesabu kwa sababu ni ndefu, na kuna kukwepa kwa sababu jibu linauma. Kwa nje vinafanana, mtu haangalii. Dawa zake ni tofauti kabisa. Wa kwanza ukimrahisishia ataangalia. Wa pili hata ukimwandikia salio ukutani atapita upande wa pili wa barabara.

#12 Mnairobi

Hamjambo majirani. Hapa kwetu Kenya mambo ni hayo hayo ila yako kwa simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na asilimia 7.5 kwa siku 30, na haikuitwa riba, iliitwa ada. Ukikopa elfu moja unarudisha 1,075. Nani atalilia bob sabini na tano? Lakini ukiwa mtu wa kukopa hiyo elfu kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa 900 kwa kutumia elfu moja ile ile. Mtu akikuambia hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka utamfukuza.

Fuliza ya 2019 ikarahisisha zaidi: hata kuomba huombi. Unalipa mahali, pesa haitoshi, inajazwa. Kuna asilimia 1 ya kuingia halafu ada ya kila siku kulingana na kiasi. Ukituma pesa kesho yake inajikata yenyewe. Najua watu ambao salio lao kwa simu halijawahi kuwa zaidi ya sifuri kwa miezi, na wakiulizwa kama wana deni wanasema hapana.

Kitu kimoja kilichosaidia: mwaka 2016 mamlaka yetu ya ushindani iliamuru kampuni zionyeshe gharama kwa skrini kabla mtu hajakubali muamala, siyo baada. Ni jambo dogo. Lakini ukiiona shilingi mbele yako kabla ya kubonyeza, angalau unafikiria.

#13 Mwanachuo Ardhi

Tatizo lote hili ni moja tu: elimu. Somo la fedha liingizwe kuanzia darasa la tatu, basi. Tusipambe ujinga.

#14 Karani wa Mikopo

Mwanachuo, sikatai elimu, nauliza elimu gani. Kule Jamhuri ya Dominika watafiti watatu, Drexler, Fischer na Schoar, walishirikiana na taasisi ya mikopo inaitwa ADOPEM kuwafundisha wafanyabiashara wadogo. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida: mizania, mtaji, faida na hasara. Kundi la pili lilipewa kanuni za mkono. Mfano: pesa ya biashara na pesa ya nyumbani zikae droo mbili tofauti, na ukichukua kutoka huku kwenda kule, weka karatasi ya deni. Basi. Matokeo yalichapishwa 2014: kundi la kanuni za mkono lilibadilisha jinsi linavyotunza pesa, mauzo yao yakawa na nafuu hasa kwenye wiki mbaya. Kundi la uhasibu halikuonyesha tofauti ya maana na wasiofundishwa kabisa.

Darasa la tatu sawa. Ila ukimfundisha mtoto mizania, akikua atamuuliza afisa mikopo "rejesho ni shilingi ngapi". Mimi ningemfundisha kuuliza vitu viwili badala ya kimoja: narudisha jumla shilingi ngapi, na nimepokea mkononi shilingi ngapi. Hapo asilimia zote za duniani zimejibiwa bila kutajwa.

#15 Mkazi wa Tabata

Nimeenda kuangalia LUKU kwa sababu ya uzi huu. Kumbe wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi wana bei yao ya shilingi mia kwa uniti, na sisi wengine ni zaidi ya mia tatu na hamsini ukiweka kodi. Halafu kuna kodi ya jengo inajikata humo humo kila mwezi. Miaka yote nilikuwa nasema "umeme siku hizi hauishi vizuri". Sawa. Kesho nitanunua ya elfu tano.

#16 Binti Kigoma

Nina swali la upande wa kuweka, si kukopa. Nina akiba kidogo imelala kwenye simu. Najua kuna UTT ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kuna hatifungani za serikali, kuna hisa, kuna akaunti za muda maalumu. Nikifungua tu ukurasa wa UTT nakutana na mifuko sita: Umoja, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi, Hatifungani. Nafunga ukurasa. Hii hali inaitwaje na dawa yake nini?

#17 Dada Mhasibu

Dada yangu usijilaumu. Kuna watu walipima mifuko ya uzeeni ya waajiriwa Marekani, wakakuta waajiri wanaoweka machaguo mengi zaidi wana wafanyakazi wachache wanaojiunga. Ila pia kuna ile hadithi ya jamu dukani, 24 dhidi ya 6, kila mtu mitandaoni anaisimulia kama sheria ya Musa. Ulipofanyika uchambuzi wa kukusanya majaribio mengi mwaka 2010, kwa wastani athari ilikuwa karibu na sifuri. Mara machaguo mengi yanazuia, mara hayazuii. Inategemea kama mtu alishajua anataka nini kabla ya kuingia dukani.

Kwa hiyo usianze na mifuko. Anza na swali: pesa hii nitaihitaji lini? Ukisema "wakati wowote, hata wiki ijayo", mifuko karibu yote inaondoka unabaki na Ukwasi. Ukisema unataka gawio la kukusaidia matumizi, ni mazungumzo mengine. Anza na kiasi ambacho hakikuumizi kichwa. Utajifunza mengi zaidi ukiwa ndani na shilingi zako kuliko kusoma kijitabu.

#18 Binti Kigoma

Asante dada. Ya wakati wowote. Basi nimeelewa.

#19 Boda wa Mbagala

Nimerudi. Nimeongea na bosi. Amekubali tuandike kwa mjumbe kwamba akipatwa na lolote mke wake ataendelea na mkataba. La injini amekataa katakata. Pia nimemuuliza, nikileta pesa ya miezi mitatu kwa mkupuo anapunguza ngapi? Amecheka, akasema hajawahi kuulizwa. Atafikiria.

#20 Mpambanaji Mbeya

Mleta uzi naomba unisaidie, nasaini Jumatatu. Nataka friza ya biashara ya samaki. Mkopo milioni 2, miezi 10, rejesho 270,000. Ada ya fomu 20,000, bima 40,000, na wanashikilia 200,000 kama akiba ya dhamana, narudishiwa mwisho. Afisa kasema riba ni 3.5 tu, ya kisheria. Nipige au niache?

#21 Karani wa Mikopo

Mkuu, tufuate yale maswali mawili. Mkononi unapokea 2,000,000 toa 20,000 toa 40,000 toa 200,000: ni 1,740,000. Unarudisha 270,000 mara 10: 2,700,000. Mwisho wanakupa 200,000 yako. Kwa hiyo umetoa 2,500,000 kwa kupewa 1,740,000. Gharama yote ni 760,000.

Ile 3.5 aliyokutajia ni kweli, ila ni ya mkopo wa mwanzo. Na unalipia riba hata ile laki mbili waliyoshikilia wao. Ukihesabu kwa pesa iliyo mikononi mwako kweli, kila mwezi unalipa karibu asilimia 7.7.

Uliza mambo mawili kabla ya Jumatatu. Nikimaliza kwa miezi 5, riba iliyobaki nasamehewa? Na je, kampuni ina leseni? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na huko mitaani kausha damu, wakopeshaji wa riba za kunyonya, wenye ofisi na vibao wapo wengi tu.

#22 Mpambanaji Mbeya

Leseni ipo, imebandikwa ukutani. La kumaliza mapema, kasema riba yote nalipa hata nikimaliza kesho. Samaki nikipiga hesabu friza inaniingizia faida kama laki mbili kwa mwezi, msimu mzuri tatu. Rejesho 270. Hapo naona nitakuwa namfanyia kazi yeye mpaka mwakani.

#23 Mama Hisa

Mwanangu huna kikundi hapo ulipo?

#24 Mpambanaji Mbeya

Ninacho mama. Naweza kupata laki nane kwa hisa zangu. Friza ya mtumba ya ujazo ule ule kuna fundi anauza laki saba na nusu. Nilikuwa naona aibu kwenda na kitu cha mtumba sokoni.

#25 Karani wa Mikopo

Nenda nayo. Ila usiinunue ikiwa imezimwa. Mwambie fundi aiwashe, ukae nayo masaa kadhaa, usikilize kompresa inawaka na kukata, na uweke maji ndani uone yanaganda kwa muda gani. Na fundi mwingine aiangalie, si yeye anayeuza.